Masomo Sita ya Padeli Baada ya Vipigo Kumi na Moja Mfululizo

Huduma ninayoitathmini ni kifurushi cha masomo sita ya padeli kwa wachezaji wawili, kila somo likiwa la dakika 90, ambacho mimi na mwenzangu tulikinunua katika klabu moja iliyomo ndani ya ghala la zamani huko Al Quoz, Dubai. Bei yake ilikuwa dirhamu 2,400 kwa wawili, pamoja na uwanja, mipira na rekodi ya video ya kila somo. Tangazo lilieleza kwamba kifurushi hicho kimekusudiwa wachezaji wa daraja la kati "waliopoteza hali ya kujiamini", na ni maneno hayo, wala si punguzo la bei, yaliyonifanya nitoe kadi ya benki, kwa sababu usiku ule tulikuwa tumetoka kufungwa mechi ya 11 mfululizo.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe, padeli huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, katika uwanja wa mita 20 kwa 10 uliozungushiwa vioo na nyavu za chuma, na hesabu yake ni ile ile ya tenisi. Mpira ukishadunda upande wako unaruhusiwa kugonga kioo kilicho nyuma yako, nawe ukauchapa unaporudi. Raketi haina nyuzi; ni kibao kinene chenye matundu. Mchezo ulibuniwa na Enrique Corcuera huko Acapulco, Mexico, mwaka 1969, ukavuka bahari hadi Hispania miaka michache baadaye, na leo katika miji ya Ghuba mtu asiyeweka nafasi mapema hapati uwanja baada ya sala ya Isha.

Kinachofanya vipigo vya padeli viume kwa namna ya pekee ni kwamba mchezo huu hauna pa kujificha. Mshambuliaji wa kandanda aliyepoteza makali anaweza kuzurura pembeni kwa robo saa bila mtu kumpigia mpira, lakini katika padeli wapinzani wakishatambua ni nani kati yenu anayetetemeka, watampelekea yeye kila mpira hadi mechi iishe. Wahispania na Waajentina wana jina la mbinu hiyo, nevera, yaani friji: mchezaji hodari hutiwa frijini, akasimama pale akipoa bila kugusa mpira, huku mwenzake akichapwa yeye peke yake. Katika mechi zile 11, aliyekuwa frijini ni mwenzangu, na aliyekuwa akichapwa ni mimi.

Mwenzangu huyo ni Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, nami humwita ami kwa kuwa amenizidi miaka 15 na kwa kuwa ndivyo mtu wa rika langu anavyomwita mtu wa rika lake nyumbani kwao. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja, jambo ambalo lilinitesa kuliko lawama. Nakumbuka mechi ya tisa, seti ya pili, gemu zikiwa tano kwa tano na hesabu imefika 40 kwa 40. Tulikuwa tukicheza kwa pointi ya dhahabu, ambapo pointi moja tu huamua gemu, na timu inayopokea ndiyo inayochagua nani kati yao apokee. Ami aliniangalia bila kusema neno, akingoja nijitolee. Nikatazama viatu vyangu. Akapokea yeye, mpira ukaenda na kurudi mara kadhaa, kisha ukanijia mimi, ukadunda, ukagonga kioo cha nyuma taratibu kabisa na kuning'inia mbele yangu kama embe la kuchuma, nami nikauzamisha wavuni. Ami alifuta mpini wa raketi yake kwa pindo la fulana, akasema, "Haya, twende," kwa sauti ile ambayo watu huitumia wanapotoka makaburini.

Kabla ya kununua masomo nilikuwa nimejaribu tiba nyingine, na nazitaja ili msomaji asipoteze fedha zake. Nilinunua raketi yenye umbo la almasi, ya kaboni, ambayo uzito wake umeegemea kichwani. Ni silaha nzuri kwa mtu anayepiga mpira katikati ya raketi kila mara, na ni adhabu kwa mtu ambaye mkono wake unatetemeka, kwa sababu eneo lake zuri la kupigia ni dogo na liko juu. Nilihama kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, nikarudi. Nikabadilisha saa ya kucheza. Nilianza hata kukagua daraja langu katika programu ya simu tunayotumia kuwekea nafasi, asubuhi na jioni, kama mtu anayepima homa, na namba ikawa inashuka: 3.1, 2.9, 2.7. Ushauri wangu wa bure kwa yeyote aliye katika kipindi kama hicho ni kuifuta namba hiyo isionekane kwenye skrini ikiwezekana, maana haimwambii lolote ambalo miguu yake haijamwambia.

Somo la kwanza lilituchukiza. Kocha, Mwajentina wa makamo mwenye sauti ya chini, hakutufundisha chochote. Alitupanga dhidi ya wasaidizi wake wawili, akawasha kamera, akakaa nyuma ya kioo na daftari la shule lenye mistari, akaandika kwa muda wote wa dakika 90. Nilitoka pale nikimwambia ami kwamba tumeibiwa. Tulikuwa tumefungwa tena, 4-6, 5-7, na hatukupewa hata neno la pole.

Siku tatu baadaye, mwanzoni mwa somo la pili, daftari lilifunguliwa, na hapo ndipo huduma hii ilipoanza kustahili bei yake. Kocha alikuwa ameandika pointi zote 128 za mechi ile, moja baada ya nyingine, akionyesha ilimalizwa na nani na kwa namna gani. Tulikuwa tumeshinda pointi 61 na kupoteza 67. Mimi niliyeingia uwanjani nikiamini kwamba tunapondwapondwa nilikuwa natazama tofauti ya pointi sita. Kisha akatusomea kutoka kwenye simu yake takwimu ambazo Roger Federer, bingwa wa zamani wa tenisi, alizitaja katika hotuba yake ya Juni 2024 kwenye chuo cha Dartmouth, Marekani, kwamba katika mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80 ya mechi, lakini pointi alizoshinda zilikuwa asilimia 54 tu. Hesabu ya padeli ni hiyo hiyo ya tenisi, kwa hiyo na sisi, tuliokuwa na karibu asilimia 48, hatukuwa mbali na mlango kama tulivyodhani. Kama angeanza na Federer ningeyachukua kama maneno ya kumliwaza mgonjwa. Kwa kuwa alianza na pointi zetu wenyewe, nilimsikiliza.

Lakini ukurasa uliofuata ndio ulionikalisha chini. Kati ya pointi 67 tulizopoteza, 41 zilitokana na makosa yetu wenyewe, na 29 kati ya hizo 41 zilikuwa zangu. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba 17 kati ya makosa yangu 29 yalikuja ndani ya pointi mbili baada ya kosa lingine langu. Kocha alikuwa ameyaunganisha kwa mstari wa kalamu nyekundu, na ukurasa mzima ulionekana kama shanga zilizotungwa: kosa, kosa, nafasi, kosa, kosa, kosa, nafasi. Akaturudisha kwenye video ili tuone kinachotokea katikati ya shanga hizo, na kila mara kilikuwa kitu kile kile. Baada ya kukosea mpira rahisi, mpira uliofuata niliuchapa kwa nguvu zangu zote, kutoka popote nilipokuwa, ili nifute kosa. Nilikuwa mdaiwa anayekopa kwa riba ili alipe deni la asubuhi kabla ya jua kuchwa.

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo ambalo sikulipata kwa mtu mwingine yeyote, si kwa marafiki walioniambia nijiamini tu, wala kwa video za usiku wa manane. Kwa miezi miwili nilikuwa nimejieleza kwamba nimepoteza hali ya kujiamini, kana kwamba ni ufunguo ulioanguka mahali na unaohitaji kutafutwa. Daftari lilionyesha kwamba katika pointi zisizofuata kosa nilikuwa mchezaji yule yule wa mwezi Januari. Ugonjwa ulikuwa na saa zake.

Dawa aliyotuandikia ilikuwa ya kawaida kiasi cha kuudhi: baada ya kila kosa langu, mipira miwili ya kwanza itakayonijia ningeirusha juu, mirefu, ipite juu ya vichwa vya wapinzani na kuanguka karibu na kioo chao cha nyuma, bila kujali kama nina nafasi ya kupiga kitu kizuri zaidi. Hapa mantiki ya mchezo inamuunga mkono. Katika padeli timu iliyo karibu na wavu ndiyo inayotawala, na mpira wa juu ndio njia ya uhakika zaidi ya kuwaondoa wapinzani pale na kuwafanya wakimbie nyuma huku ninyi mkisogea mbele. Kwa mtu ambaye roho inamdunda una faida nyingine zaidi: unaruka polepole, kwa hiyo humpa muda wa kuvuta pumzi, na hauhitaji mkono hodari, unahitaji magoti yaliyokunjwa na raketi inayoanzia chini.

Somo lote la tatu lilikuwa mpira huo. Kocha alitandika taulo mbili kwenye kona za nyuma, akanipigia mipira kutoka kwenye toroli, na kabla ya kila mpira alinitaka kwanza nipige mmoja wavuni kwa makusudi. Nilidhani anatania. Nilizamisha mpira, nikarusha wa juu, nikazamisha, nikarusha, mara 40 hivi, hadi mpira wavuni ukaacha kuwa aibu na kuwa kengele tu ya kuniambia kinachofuata ni kipi. Ami, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akinywa maji, alisema kwamba hajawahi kuona mtu analipa fedha ili afundishwe kukosea.

Kasoro moja ya jengo lazima niitaje hapa. Uwanja tuliopangiwa siku hiyo uko chini ya boriti ya chuma, na mipira yangu mitano au sita mizuri iligonga boriti na kupotea. Klabu inayouza masomo ambayo msingi wake ni mpira wa juu ingepaswa kuyafanyia kwenye viwanja vya katikati ya ghala, ambako paa limeinuka. Tulipolalamika tulihamishwa, lakini katika somo lililofuata tulirudishwa chini ya boriti ile ile.

Somo la nne lilishughulikia pigo linaloitwa bandeja, ambalo kwa Kihispania maana yake ni sinia, kwa kuwa mkono huinuka umebeba raketi kama mhudumu abebavyo sinia la chai. Ni jibu la mpira wa juu kwa mtu aliye karibu na wavu: badala ya kuusindilia mpira kwa nguvu, unaukata kwa upole ili uende mbali, udunde chini na usiinuke sana ukitoka kwenye kioo, nawe ubaki mbele. Mimi nilikuwa nikisindilia kutoka kwenye mstari wa kuanzishia, mita 6.95 kutoka wavuni, umbali ambao mtu wa nguvu zangu hawezi kuutoa mpira nje ya uwanja. Kwa hiyo mpira uligonga chini, ukagonga kioo, ukawarudia wapinzani ukiwa umeiva. Niliujifunza nusu nusu. Dakika 90 hazitoshi kwa pigo hilo, na ningependa kifurushi kilitengee masomo mawili.

Hata hivyo somo hilo lilikuwa na kipande kingine kilichomlenga ami, ambacho sikukitegemea. Kocha alimwambia kwamba mtu aliye frijini ana kazi, nayo ni kutembea. Kila ninapovutwa kwenye kona, yeye asogee upande wangu kana kwamba tumefungwa kamba kiunoni, afunge katikati, na mara mbili katika kila gemu aingie kuuchukua mpira unaonijia mimi, hata kama anaweza kuukosa. Aliniambia baadaye, tukiwa kwenye gari, kwamba kwa wiki zote zile alikuwa akisimama mbali kwa makusudi ili asinionyeshe kwamba haniamini. Mimi nilikuwa nimeuchukulia umbali ule kama hukumu. Tuliendesha hadi taa za Barabara ya Sheikh Zayed bila mmoja wetu kuongeza neno.

Somo la tano sitalisamehe. Kocha wetu hakuwepo, na badala yake alikuja mtu mwingine aliyetambulishwa kama mkufunzi wa akili ya ushindi, akatuketisha kwenye chumba chenye zulia jipya na kutuonyesha picha za mabingwa wakiinua vikombe. Tulivuta pumzi kwa hesabu ya nne. Tuliandika kwenye karatasi sentensi zinazoanza na "Mimi ni", na kila mmoja akapewa kibandiko cha kubandika ndani ya mkoba. Sipingi kuvuta pumzi, na ninajua wapo wachezaji wanaosaidika kwa maneno ya kujitia moyo. Ninachopinga ni kwamba mtu yule hakuwa ameliona daftari, hakujua kuhusu makosa 17, na angeweza kutoa hotuba ile ile kwa wauzaji wa bima. Robo ya saa kati ya dakika 90 zilikuwa matangazo ya kifurushi kinachofuata. Klabu ikitaka somo hilo liwe na maana, na limpe mtu aliyefungwa mara 11 chochote cha kushika, ianze na rekodi yake mwenyewe.

Kuhusu kocha mwenyewe sina la kulalamika, isipokuwa kwamba hawezi kumaliza nusu saa bila kumtaja Mwajentina mwenzake Fernando Belasteguín, aliyeshika namba 1 duniani kwa miaka 16 mfululizo, tangu 2002 hadi 2017, na kustaafu mwaka 2024. Nilimuuliza mtu aliyekaa kileleni muda wote huo ana nini cha kumfundisha mtu kama mimi. Akanijibu nitafute mechi zake za zamani, niache kutazama pointi alizoshinda, nihesabu ni mara ngapi alirusha mpira juu baada ya kukosea. Sijamaliza kuhesabu.

Somo la sita lilikuwa mechi dhidi ya jozi nyingine ya wanafunzi wa daraja letu. Niseme wazi kwamba kati ya somo la tatu na hilo la sita tulikuwa tumecheza mechi mbili za nje, na zote tulifungwa, kwa hiyo idadi ya vipigo ilifika 13 bila kuhesabu mechi ya majaribio ya siku ya kwanza. Yeyote anayenunua kifurushi hiki akitarajia matokeo kubadilika ndani ya wiki tatu atadai fedha zake. Kilichobadilika kwanza ni umbo la vipigo vyenyewe: zile shanga za kalamu nyekundu, ambazo sasa tunazichora wenyewe baada ya kila mechi, zilikuwa zimefupika. Katika kipigo cha 13 nilifanya makosa 22, na matano tu kati yake ndiyo yaliyofuatana. Nililala vizuri usiku ule, na mke wangu alidhani tumeshinda.

Katika mechi ya somo la sita tulipoteza seti ya kwanza, tukachukua ya pili, na katika ya tatu tukafika gemu tano kwa nne kwetu, wapinzani wakianzisha, hesabu 40 kwa 40. Pointi ya dhahabu. Ami akageuka kuniangalia. Pointi iliyotangulia nilikuwa nimeupiga mpira moja kwa moja kwenye kioo cha upande wao bila kudunda, kosa la mtoto wa shule, na moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya unyago. Nikamwambia, "Napokea mimi, ami." Mpira ulikuja kwenye kona, nikaurusha juu. Wakaurudisha, nikaurusha tena juu, mbaya zaidi, karibu utoke. Wa tatu ami aliuingilia kutoka katikati, mbele yangu, akaugusa tu ukafa miguuni mwao.

Kwa mtu anayefikiria kununua, maoni yangu ni kwamba masomo manne ya mwanzo na la mwisho yanastahili fedha zake, hasa kwa jozi inayocheza pamoja kila wiki, kwa sababu daftari lile halina maana kubwa kwa mtu anayebadilisha mwenzake kila siku. Aombe kwa maandishi kwamba kocha awe yule yule kwa masomo yote, na kwamba somo la tano libadilishwe liwe la uwanjani. Tulipouliza baadaye tuliambiwa jambo hilo linawezekana, ila halitangazwi. Achukue nafasi za saa tatu usiku, maana kabla ya hapo ghala huwa bado na joto na viyoyozi vyake ni vya kusuasua. Na afuatilie video zake mapema. Kifurushi kinaahidi kila rekodi ndani ya siku mbili: za masomo ya kwanza zilifika kwa wakati, ya nne ilichelewa wiki moja, hata ile ya chumba cha zulia ililetwa, lakini ya sita, ambayo ndiyo pekee tuliyoshinda, hadi leo haijafika.